Swali la Rozalia wa Bangwe

Nimefanya kazi na madaktari kumi na saba katika hospitali yetu, na nimegombana na wote kumi na saba. Sisemi hivi kwa kujisifu. Marehemu mama alikuwa akisema nimezaliwa na pilipili mdomoni, na miaka ishirini na tatu ya uuguzi haijaitoa. Ila kati ya hao yupo mmoja niliyegombana naye mara mbili, na mara zote mbili mwenye makosa nilikuwa mimi. Huyo ni Daktari Veneranda Bukuru, na habari yake naitoa mwenyewe kabla watu hawajaanza kuipamba.

Ni mtu wa Kidahwe, barabara ya Kasulu, baba yake alikuwa mkamuaji wa mawese. Alisomea udaktari Dar es Salaam, akaenda nje miaka minne kusomea magonjwa ya mapafu na matibabu ya wagonjwa mahututi, kisha akarudi Kigoma. Watu walishangaa kurudi kwake kuliko walivyoshangaa kuondoka. Mfupi, sauti ndogo, anatembea taratibu kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka sakafuni. Siku ya kwanza nilipomwona anapita wodini nikamwambia mwenzangu, huyu mbio za mahututi ataziweza wapi. Mdomo huu!

Ugonjwa wake mkubwa ulikuwa kuuliza. Madaktari wengine humwuliza mgonjwa maswali matano, yeye alikuwa akiuliza ishirini, na la ishirini ndilo lilikuwa la ajabu kuliko yote. Wanawake wanaobanika migebuka, samaki wetu wa ziwani, kwenye matanuri ya kuni, kuanzia Bangwe mpaka Ujiji, walikuwa wakija kwetu miaka nenda rudi, wamekonda, wanakohoa, hatua kumi tu pumzi imekwisha. Tukiwapiga picha ya kifua tunaona kivuli, tunawaandikia dawa za kifua kikuu miezi sita. Wanamaliza. Mwaka ukipita wanarudi vilevile, nasi tunawaandikia tena. Daktari Bukuru alipofika akawauliza, "Ile miezi mitatu ziwa lilipofungwa watu wasivue, kikohozi kilikuwaje?"

Kilipungua, wakamjibu. Mmoja baada ya mwingine, kilipungua. Ziwa lilipofunguliwa na matanuri yakawashwa, kikarudi.

"Kifua kikuu hakijui kama ziwa limefungwa," akaniambia mimi, kwa sauti yake hiyo ndogo. Miaka yote ile nilikuwa nimewagawia vidonge kwa mkono wangu na sikuwahi kuuliza.

Hapo ndipo ulipoanza utafiti wake. Alitaka kupima pumzi za wanawake mia moja na kumi na wawili kwa mashine ya kupulizia. Unavuta hewa mpaka kifua kijae, unaweka mrija mdomoni, unaitoa hewa yote kwa kishindo, na mashine inachora mstari unaoonyesha kama njia za hewa zimebana. Nikapangiwa kumsaidia kwa kuwa mimi ni mtoto wa Bangwe. Baba yetu alivuka kutoka Baraka, upande wa Kongo, akajenga pale ufukweni. Mimi nilifuata shule, na dada yangu Rozalia akafuata tanuri.

Rozalia alikuwa wa arobaini kwenye orodha. Alikuja amejifunika mdomo kwa ncha ya kitenge, kama alivyozoea. Alikuwa ameshatibiwa kifua kikuu mara mbili. Daktari akamwamkia, "Shikamoo Mama Ignas," akamweleza kila kitu, mwisho akamwuliza kama ana swali. Wenzake walikuwa wameuliza kama mrija unauma, kama watapewa dawa. Rozalia akauliza, "Hiyo mashine inaweza kuniambia kama nilimuua mtoto?"

Hapa lazima nieleze. Miaka minne iliyopita, Rozalia akiwa katikati ya dawa zake za pili, mjukuu wake Mapendo alikufa. Mtoto wa mwaka na miezi minne, mnene, anacheka na kila mtu. Mama yake Recho, mkwe wa Rozalia, alikuwa akipeleka samaki sokoni, na bibi ndiye aliyekuwa akishinda na mtoto mgongoni huku anabanika. Mtoto akaanza homa na kifua Jumatatu, Alhamisi tukamzika. Pale msibani, mbele ya watu, Recho akasema kikuu cha mama mkwe kimemmaliza mwanawe. Uchungu ulikuwa ukisema, najua. Lakini neno likishatoka halirudi, na lile liliingia kwa Rozalia likakaa. Tangu siku ile hakumbeba mtoto wa mtu yeyote. Recho alipojaliwa mwingine, Rozalia alimsalimia mjukuu wake kutokea mlangoni.

Basi Daktari Bukuru alilisikia swali hilo, na badala ya kumwambia mama wa watu hapana, hukumuua, nenda kwa amani, akasema, "Mashine peke yake haiwezi. Lakini nitalitafuta jibu lake. Nikilipata nitakuletea lilivyo."

Nilimvuta nje nikamshukia. Nilimwuliza kama huko alikosoma walimfundisha kuwa na moyo wa jiwe. Neno moja tu, hapana, lingempunguzia mzigo wa miaka minne! Aliniacha nikamaliza, hata mate nikameza.

"Sista Merina, nikimwambia hapana leo wakati sijui, siku nikijua na kumwambia hapana, ataniamini vipi?"

Huo ulikuwa ugomvi wa kwanza. Nilimnunia wiki nzima. Alikuwa akinisalimia, nami naitikia kwa nusu mdomo.

Tukapima wote mia moja na kumi na wawili. Mimi ndiye niliyekuwa nikisimama mbele yao na kuwaamrisha, "Vuta! Jaza! Haya puliza, puliza, puliza!" na wao wakipuliza. Matokeo yakatumwa kwa wenzake wa Dar es Salaam wanaokagua vipimo. Baada ya siku tisa yakarudi. Vipimo sabini na kimoja vimekataliwa, havifai, wapimwaji hawakutia juhudi. Cha Rozalia kilikuwemo.

Hawakutia juhudi! Wanawake wanaoamka alfajiri kupasua kuni, wanaobeba makarai ya samaki kichwani kupandisha mlima! Nilitukana kwa Kiswahili, kisha kwa lugha ya baba yangu. Wenzake wakamshauri atafute kundi jingine la watu, hawa wa Kigoma hawawezi kufuata maelekezo. Daktari Bukuru aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akaniuliza, "Kesho asubuhi matanuri yanawashwa saa ngapi?"

Alikwenda Bangwe asubuhi nne mfululizo, nami nyuma yake, kabla ya zamu. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kimya, akiwatazama wanawake wakifanya kazi. Watu wakaanza kusema daktari amechanganyikiwa. Asubuhi ya nne akaniita nisogee.

"Mtazame yule," akasema.

Mama mmoja alikuwa ameinama kwenye mdomo wa tanuri. Moto ulikuwa umefifia. Akabana midomo ikabaki tundu dogo, akapuliza, pumzi nyembamba, ndefu, ya upole, makaa yakaanza kuwa mekundu taratibu bila jivu hata moja kuruka. Juu yake migebuka imepangwa kwenye wavu, inang'aa.

"Wewe ulijifunza kupuliza moto hapa?" akaniuliza.

"Tangu nina miaka sita."

"Ukipuliza kwa nguvu?"

"Napigwa kibao. Majivu yanapanda kwenye samaki, na samaki mwenye majivu nani atam..." Sikumaliza. Nilijiona nimesimama mbele ya wanawake mia na kumi na wawili nikipiga kelele puliza, puliza, nao kwa heshima zote wananipulizia kama mama zetu walivyotufundisha sote. Mimi niliyekulia pale pale sikuona. Mtoto wa mkamua mawese ndiye aliyeona, kwa kukaa juu ya ndoo.

Alicheka. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona anacheka, na kununa kwangu kukaishia hapo.

Wiki iliyofuata aliwaita upya wale sabini na mmoja. Mezani aliweka sahani ya bati imejaa majivu. "Akina mama," akasema, "hapa hakuna samaki. Tazameni wenyewe, hakuna hata dagaa. Nataka majivu haya yote yatoke kwenye sahani kwa pumzi moja." Wakatazamana. Mama mmoja wa Rusimbi, mwenye utani mwingi, akasogea akavuta hewa akapuliza, majivu yote yakaishia kwa daktari. Nywele nyeupe, kope nyeupe, koti huwezi kulitofautisha na gunia la muhogo. Wanawake walicheka mpaka wakakohoa, na daktari hakujipangusa, akamkabidhi mrija palepale: "Sasa hivyo hivyo, humu." Mstari ukachoreka vizuri ajabu. Tulikwenda hivyo siku kwa siku, sahani kisha mrija. Dar es Salaam hawakukataa tena. Na mistari ile ilionyesha alichokuwa anashuku. Wengi wao njia za hewa zilikuwa zimebana kwa moshi wa miaka mingi, na makohozi yao, tulipoyapima kwa kipimo kipya, hayakuwa na mdudu wa kifua kikuu hata mmoja.

Zamu ya Rozalia ilikuwa Alhamisi. Hakuja kupima. Aliletwa.

Ilikuwa kama saa tatu asubuhi. Bodaboda iliingia mpaka mlangoni, Rozalia amebanwa katikati ya dereva na Recho, kichwa kimelala, midomo rangi ya wino. Recho alikuwa ananuka moshi. Tangu mama mkwe azidiwe, yeye ndiye aliyeshika tanuri. Alimshusha, akasema, "Ma mdogo, msaidie," akaanza kulia. Nikamwambia arudi nyumbani akamnyonyeshe mtoto, mimi nipo.

Tukamwingiza chumba cha mahututi. Daktari Bukuru alikuja kwa ule mwendo wake, lakini mikono ilikuwa haraka. Akamsikiliza kifua, akamwekea dawa ya kupanua njia za hewa, akafungua oksijeni. "Lita mbili, Sista Merina. Usiongeze mpaka nirudi." Akaitwa chumba cha upasuaji, kuna mama aliyekuwa anamwaga damu nyingi baada ya kujifungua, na mashine ya kupumulia ya kule inamjua yeye tu. Akaondoka.

Nikabaki na dada yangu. Kile kibano cha kidoleni kinachosoma hewa ya damu kilikuwa kinasoma themanini na sita. Tangu chuo nimefundishwa kwamba ikishuka chini ya tisini ni hatari. Themanini na sita. Nilitazama mlango. Themanini na sita. Rozalia anahema kama samaki aliyetupwa mchangani, ananitazama kwa macho yale yaliyonilea. Nani angestahimili? Niliishika koki ya oksijeni nikaifungua mpaka kijipira cha kipimo kikapanda kwenye lita kumi.

Kibano kikapanda. Tisini na moja, tisini na tano, tisini na saba. Midomo ikarudi rangi yake. Kuhema kukatulia, kisha akalala. Kwetu mgonjwa akipata usingizi tunashukuru. Nilimfunika shuka, nikapiga ishara ya msalaba, nikajisemea moyoni, lita mbili! Daktari wa vitabu huyo.

Daktari alirudi saa saba na nusu. Alisimama miguuni pa kitanda, hakutazama kibano. Alitazama kifua cha Rozalia kikipanda na kushuka, akahesabu. Kisha akamtikisa bega. "Mama Ignas. Mama Ignas!" Akamminya kucha kwa nguvu. Rozalia hakufumbua macho.

Daktari akanyoosha mkono kwenye koki na kuirudisha chini.

Nikamshika mkono. Nilimshika daktari mkono mbele ya watu, kwa nguvu zangu zote, nikapiga kelele: "Unamuua dada yangu!" Daktari kijana, Feliksi, alikuja mbio akitaka kunitoa. Bukuru akamzuia kwa macho.

"Merina, nisikilize," akasema, na hapo hakuniita Sista. "Mapafu yaliyoungua moshi miaka thelathini yanashindwa kutoa hewa chafu. Mwili wake umeshazoea hewa kidogo. Ukimjaza oksijeni nyingi, hewa chafu inazidi kupanda kwenye damu na inamlaza. Huu si usingizi. Niachie mkono."

Nikamwachia. Sijui nilikaaje chini, nilijikuta tu nimekaa sakafuni.

Wakamfunga ile mashine ya barakoa inayosukuma pumzi. Daktari alivuta stuli akakaa kichwani pake, mkono mmoja umeshikilia barakoa isivuje, na hakuinuka. Saa nane, saa tisa. Walikuja kumwita akawapa maagizo hapo hapo. Feliksi alitaka kumpokea, akakataa, akasema mkono wake umeshalijua pengo la shavu la huyu mama. Nilipata nafasi ya kumtazama vizuri siku ile. Nimeona madaktari wanaotibu kwa kupita. Huyu alikuwa anamsindikiza mtu pumzi kwa pumzi, na midomo yake ilikuwa inahesabu bila sauti. Mimi nilikuwa nasali, na katika sala ile niliomba jambo moja kuliko yote: asife kabla hajajibiwa. Asiende kuzikwa anaamini alimuua Mapendo, tena akiwa ameuawa na mkono wangu.

Saa kumi na moja jioni Rozalia alifumbua macho. Alimwona daktari, akaniona mimi pale chini, akasema kitu ndani ya barakoa. Daktari akasogeza sikio.

"Anauliza kwa nini mdogo wake amekaa sakafuni na sketi nyeupe," akasema.

Kesho yake asubuhi, katika kikao cha wafanyakazi, Daktari Bukuru alisimama na karatasi. Akasoma kwamba mgonjwa alizidishiwa oksijeni na nusura afe. Nikajiandaa. Nilikuwa nimeshapiga hesabu ya nani atashika zamu zangu nikifukuzwa. Akaendelea kusoma: "Chanzo cha kosa. Daktari alitoa agizo la lita mbili na hakumweleza muuguzi sababu yake. Muuguzi alifanya alichofundishwa."

Nikainuka. Pilipili ile ile. "Daktari, mkono ulikuwa wangu."

"Najua mkono ulikuwa wa nani," akasema. "Naandika kichwa kilikuwa cha nani. Tafadhali kaa, bado sijamaliza."

Siku hiyo hiyo alitufundisha wote, wauguzi na wafagizi waliokuwa karibu, kwa nini mapafu ya moshi hupewa oksijeni kwa kipimo, na karatasi yenye kipimo hicho ikabandikwa kila kitanda. Kosa lile aliliandika pia katika makala yake ya utafiti, pamoja na jina lake, mahali ambapo wenzake wa nje na wa ndani watalisoma. Nimefanya kazi na madaktari kumi na saba. Sijaona mwingine aliyewahi kuchukua kosa ambalo angeweza kumwachia nesi.

Mchana baada ya zamu nikaanza kumkosa. Nilimkuta siku ya tatu kwenye stoo ya mafaili ya zamani, vumbi hadi puani, amechuchumaa kati ya maboksi yaliyoliwa na mchwa. Alikuwa anatafuta rejesta ya maabara ya miaka minne nyuma, na faili la mtoto. Sikumwuliza mtoto gani. Nilivua viatu nikachuchumaa upande wa pili, tukatafuta wote.

Alhamisi ya wiki iliyofuata Rozalia alikuwa ameketi kitandani, na mipira midogo ya oksijeni puani. Jumanne alikuwa amepuliza mrija, mstari wake umetoka. Saa nne asubuhi daktari akaja na karatasi zake, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Shikamoo Mama Ignas. Mwezi wa tisa uliniuliza swali."

Rozalia akajifunika mdomo kwa kitenge. Daktari akaushika mkono ule, akaushusha taratibu, akaendelea kuushika.

"Mwaka ule makohozi yako yalipimwa mara tatu. Nimeona rejesta kwa macho yangu. Hayakuwa na mdudu. Ulianzishiwa dawa kwa sababu ya picha na kikohozi tu. Wiki hii tumepima tena kwa kipimo kikali zaidi, hamna kitu. Na pumzi yako inaonyesha moshi. Kwa yote niliyoyaona, mama, hukuwa na kifua kikuu. Faili la Mapendo nalo nimelisoma. Alikufa kwa nimonia, ya siku tatu. Hukumwambukiza."

Mimi nililia, siwezi kuficha. Nililia kwa sauti mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaniambia pole. Miaka minne, jamani! Nilimgeukia dada yangu nikidhani nitamwona anacheka au analia. Hakuwa anafanya lolote. Alikuwa anafikiri.

"Na moshi?" akauliza.

Daktari akaziweka karatasi kando.

"Alikuwa mgongoni kwangu," Rozalia akasema, kwa vipande, pumzi ikimkatisha. "Kutwa nzima. Mimi nikiinama, na yeye... anainama."

Nilimkonyeza daktari. Nilimkonyeza waziwazi, nikatikisa kichwa, sema hapana, sasa hivi sema hapana, umeshampa, usimnyang'anye. Aliniona. Najua aliniona.

"Moshi unaumiza vifua vya watoto," akasema. "Hilo tunalijua. Kama ndio uliomchukua Mapendo, sijui. Hakuna anayeweza kujua tena, na nikikuambia najua nitakuwa nakudanganya."

Nilitaka kumpiga. Ungekuwa ugomvi wa tatu, na mkubwa kuliko yote. Nilishaanza kufungua mdomo. Lakini Rozalia hakuwa anamtazama yeye wala mimi. Alikuwa anatazama saa ya ukutani.

"Saa nne," akasema. "Recho yuko tanurini. Merina, simu."

"Dada, pumzika kwanza, utam..."

"Simu!"

Nikapiga, nikaweka sauti kubwa, nikamshikia mdomoni. Iliita sana. Recho alipopokea tulisikia kuni zikipasuka motoni nyuma yake. "Mama! Shikamoo mama, umeamkaje?"

Rozalia ni mtu wa adabu. Sijawahi, tangu nizaliwe, kumsikia akiacha kuitikia salamu. "Mtoto yuko wapi?"

"Nimembeba mgongoni, kalala."

"Mshushe."

"Mama?"

"Mshushe, Recho. Mtoe kwenye moshi. Mpe mtu... mpe yeyote aliye nje. Sasa hivi. Niko hapa nasubiri."

"Mwambie!" nikamnong'oneza, machozi bado yananitoka. "Mwambie hukumwambukiza Mapendo, daktari yuko hapa atamwambia mwenyewe, mwambie!" Rozalia akanipungia mkono ninyamaze, kama anavyomfukuza nzi. Daktari Bukuru alikuwa amesimama, ameinamisha kichwa karibu na simu.

Tukasikia simu inawekwa juu ya kitu. Tukasikia Recho akimwita mtu, hatua, sauti za wanawake. Kisha mtoto akaanza kulia. Alilia kwa hasira ya kuamshwa, kwa nguvu zake zote, kila kilio kikizidi kuwa mbali na kuni zile, na Rozalia akaishika simu kwa mikono miwili akakisikiliza.